Kifua cha Inchi Hamsini

Asubuhi ambayo Inspekta Kobe alikabidhiwa kesi ya vipimo vya nguo, mwenzake wa dawati la pili alikabidhiwa wizi wa benki. Jambo hili halina uhusiano wowote na upelelezi, lakini haki inataka litajwe, kwa sababu Kobe mwenyewe alilitaja kwa kila aliyekutana naye kwenye ngazi za kituo, akiwemo fundi wa bomba aliyekuja kuzibua sinki.

"Yeye benki," alisema. "Mimi kifua."

Fundi wa bomba alimpa pole, akaendelea kuzibua.

Jalada lilikuwa jembamba. Mlalamikaji alikuwa mshonaji wa suti, za kike na za kiume, aliyejulikana kwa jina la Mama Pindo kwa kuwa pindo alilolikunja yeye lilidumu kuliko suruali yenyewe. Wateja wake walijaza vipimo vyao kwenye ukurasa wake wa mtandao kabla ya kufika dukani. Kwa muda sasa wateja wa kiume walikuwa wakipigiwa simu na mtu asiyejulikana, mwenye sauti kama ya kuongelea ndani ya mto wa kulalia, aliyewaonya waache kumpelekea mke wa mtu vipimo vya vifua vyao. Baadhi yao walifuta oda. Sasa palikuwa na hoteli kubwa iliyotaka sare za wahudumu wake, wote wanaume, na meneja wake alikuwa amesema kwa ustaarabu mwingi kwamba mhudumu mmoja tu akipigiwa simu ya namna hiyo, kazi itakwenda kwa fundi mwingine. Bila kazi hiyo, Mama Pindo angefunga duka.

Chini kabisa, konstebo wa kaunta alikuwa ameandika: "Mlalamikaji anashuku kwamba wifi inasikiliza mambo yake na kuyatoa nje."

Kobe alikwenda dukani na begi la vifaa. Mama Pindo alikuwa kwa mteja, lakini mlango ulikuwa wazi na kisanduku cha wifi kilikuwa juu ya kabati, kikikonyeza taa zake za kijani. Alikishusha. Alikifungua mgongo kwa bisibisi, akapuliza, akakagua ni vifaa gani vilivyojiunga nacho, akakipangusa, akakirudisha. Hakuna mgeni aliyejiunga. Hakuna aliyebadilisha chochote. Ilikuwa wifi ya heshima.

Mama Pindo aliporudi alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, amejaa uhakika.

"Wifi yako safi kabisa, Mama. Nimechunguza hadi mgongoni, nikakuta vumbi tu."

Mama Pindo aliondoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. "Mgongoni?"

"Mgongoni. Na nimepangusa."

Pazia la chumba cha nyuma lilisogea. Akatokea mwanamke mnene mwenye sindano mkononi na vifungo vimejaa kwenye kiganja.

"Ni nani huyo," aliuliza, "aliyenikuta mimi na vumbi mgongoni?"

Ndipo Inspekta Kobe alipoelewa kwamba kalamu ya konstebo ilikuwa imeteleza kwa herufi moja. Mama Pindo alikuwa amesema "wifi anasikiliza". Konstebo, kijana wa kisasa ambaye bado hajaoa na kwa hiyo hajui hatari zilizopo duniani, aliandika "inasikiliza". Kwa herufi hiyo moja, tuhuma iliyomlenga dada wa mume ilikiangukia kisanduku kisicho na kosa.

"Afande," alisema Mama Pindo polepole, "nilisema wifi. Huyu hapa. Dada yake mume wangu."

"Kumbe ulinishtaki," alisema wifi.

"Nilikushuku. Kushuku si kushtaki."

"Na polisi ulikwenda kwa miguu yako mwenyewe, au ulitumwa na jirani?"

Kobe alifungua daftari jipya, kwa sababu lile la zamani lilikuwa limejaa mambo ya kisanduku, na akamwomba wifi aketi. Wifi aliketi kwa namna ambayo kiti kilijua kimekaliwa.

"Unamwonea wivu wifi yako?"

"Ndiyo."

Kobe, ambaye alikuwa amejiandaa kwa saa nzima ya kukanusha, alikosa swali la pili.

"Kwa nini nikatae?" aliendelea wifi. "Mtu akivaa koti anatoka hapa anasema, mama huyu ana mkono. Vifungo kashona nani? Koti lisilo na vifungo ni blanketi lenye mikono. Lakini hakuna aliyewahi kusema, tazama kifungo kile. Basi nina wivu. Ila mimi wivu wangu nautoa hapa mezani, mbele yake, tukinywa chai. Mwulize."

"Ni kweli," alisema Mama Pindo. "Jana ameutoa mara mbili."

"Sasa mtu mwenye nafasi ya kumsema mwenzake usoni kila siku, atampigia simu mwanamume asiyemjua kwa sababu gani?"

Hoja ilikuwa nzito. Hata hivyo Kobe hakuwa mtu wa kumwachia mshukiwa kwa sababu ya hoja. Alimwachia wiki hiyohiyo kwa sababu ya mwalimu wa hesabu.

Mwalimu huyo alikuwa bwana harusi mtarajiwa na mmoja wa waliopigiwa simu. Kobe alimkuta kwenye chumba cha walimu, amezungukwa na madaftari ya kusahihisha, na akamwomba arudie maneno ya mpigaji kama alivyoyasikia.

"Alisema, 'Hicho kifua chako cha inchi arobaini na nne kipeleke kwa fundi mwingine.'"

"Na kifua chako ni inchi ngapi?"

"Arobaini."

"Kwa hiyo mpigaji alikosea."

Mwalimu alitazama dirishani. "Hapana. Niliandika arobaini na nne kwenye ule ukurasa."

"Ulikosea wewe?"

"Nilikuwa na matumaini," alisema mwalimu wa hesabu.

Kobe aliandika hilo bila kuinua macho, kisha akauliza kilichotokea dukani. Dukani, alieleza mwalimu, Mama Pindo alimzungushia utepe kifuani, akasoma arobaini kwa sauti, akaandika arobaini kwa chaki kwenye kitambaa, na hata yule mama wa vifungo alitoa kicheko. Koti lilikatwa la arobaini.

Njiani kurudi, Kobe alipanga mawazo. Wifi aliijua arobaini, alikuwa ameicheka. Angekuwa yeye ndiye mpigaji, au angekuwa amemnong'oneza mpigaji, simu ingesema arobaini. Mpigaji alisema arobaini na nne, tarakimu ambayo haikuwahi kuishi popote duniani isipokuwa kwenye ukurasa ule na ndani ya matumaini ya mwalimu. Mpigaji alikuwa akisoma ukurasa.

"Nani ana neno la siri la ukurasa wako?" alimwuliza Mama Pindo.

"Mimi peke yangu. Hata wifi simpi."

"Hanipi," alithibitisha wifi kutoka nyuma ya pazia, na palikuwa na historia ndefu ndani ya neno hilo.

Kobe alifungua ukurasa kwenye simu yake. Juu, kando ya anwani, pale ambapo tovuti nyingine huonyesha alama ndogo ya kufuli, hapakuwa na kufuli.

"Mama, unajua maana ya hii? Ukurasa wenye kufuli, vipimo vinasafiri ndani ya bahasha. Huu wako hauna. Vinasafiri uchi. Kila mkono vinamopita unaweza kuvisoma."

"Mikono ya nani?"

"Kwanza kabisa, kampuni ya mtandao wa mteja. Aliyekutengenezea ukurasa hakukuwekea kufuli kwa nini?"

Mama Pindo alikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Ni mume wangu. Nilimwuliza. Alisema, wezi wataiba nini, inchi?"

Mumewe aliitwa Waya, na alifanya kazi katika kampuni ile kubwa ya mtandao ambayo nusu ya mji ilijiunga nayo. Kobe alimkuta mapokezini, mtu nadhifu mwenye kadi ya kazi shingoni na suti iliyomkaa kama alizaliwa nayo. Alimkaribisha kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, hizo ni hadithi za vijiweni. Sisi hatuangalii mambo ya wateja. Sisi ni bomba tu. Bomba linapitisha maji, halionji."

"Haliwezi kuonja?"

"Kuna mtambo wa kupanga msongamano. Unajua tu huyu anatazama video, huyu anatuma barua. Ndani hauingii."

Kobe alishukuru. Alikumbuka kwamba yule fundi wa bomba, alipomaliza sinki, alikinga maji kiganjani akaonja, akasema yana kutu. Lakini hili hakumwambia Waya. Jambo la namna hii mtu halisemi; anatega.

Alimweleza Mama Pindo mtego huo kwenye meza ya kukatia. Angetunga mteja mmoja, aitwe Bwana Mabega, anayetaka suti ya harusi. Oda ya Bwana Mabega ingetumwa kwa njia tatu. Ya kwanza ingepita kwenye laini ya kampuni ya Waya, bila kufuli. Ya pili ingepita kwenye laini ya kampuni nyingine, bila kufuli pia. Ya tatu ingepita tena kwa kampuni ya Waya, lakini kwenye nakala ya ukurasa ambayo Kobe mwenyewe aliitia kufuli. Jina lilelile, namba ileile ya simu, suti ileile. Tofauti ilikuwa kifua peke yake.

"Ya kwanza inchi hamsini. Ya pili arobaini na sita. Ya tatu hamsini na nne. Na wewe usifungue ukurasa wako hapa dukani hata kidogo, kwa sababu laini yako ni ya kampuni hiyohiyo, utamsomea mwizi mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu tunangoja kifua kipi kitapigiwa simu. Mwenye neno lako la siri angeona vyote vitatu. Anayekaa katikati ya njia ataona kilichopita mbele yake kikiwa uchi, basi."

Wifi alitoa kichwa nje ya pazia. "Inchi hamsini? Huyo ni mtu au kabati?"

"Ndiyo chambo, Mama. Mwenye wivu hawezi kuivumilia hamsini."

Mama Pindo hakucheka. Tangu alipolitaja jina la mumewe alikuwa anaongea kama mtu aliyebeba maji kichwani. "Nitakuja nawe," alisema. "Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Walikaa kwenye mgahawa uliokuwa chini ya jengo la kampuni, wenye mtandao wa bure wa kampuni hiyohiyo kwa kila anayenunua chai. Kobe alinunua chai mbili kwa uso wa mtu anayetumia fedha ya serikali. Alifungua kompyuta yake, akatuma oda ya kwanza. Akabadilisha laini, akatuma ya pili. Akarudi, akatuma ya tatu yenye kufuli. Kisha akaiweka simu ya Bwana Mabega katikati ya meza, karibu na bakuli la sukari, na wakangoja. Mama Pindo alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

Chai haikuwa imepoa simu ilipolia. Kobe aliongeza sauti ili mwenzake asikie.

"Mabega?" ilisema sauti ndani ya mto.

"Ndiye."

"Wewe ndiye mwenye kifua cha inchi hamsini?"

Kobe alimtazama Mama Pindo, akanyoosha kidole kimoja juu. Njia ya kwanza. "Hamsini nikiwa nimetulia," alijibu. "Nikivuta pumzi, hamsini na mbili."

Sauti ilipanda. "Sikiliza wewe. Yule ni mke wa mtu."

"Najua. Hata mumewe nimesikia habari zake."

"Umesikia nini?"

"Wanasema ni mfupi. Wanasema akisimama kando ya cherehani, watu humwuliza mama, mtoto huyu anasoma darasa la ngapi."

"Mimi si mfupi," ilisema sauti, na mto ulikuwa umeanguka.

Kwenye meza ya jirani mtu alikuwa akipuliza chai.

Mama Pindo aliinama juu ya simu. "Ni mfupi," alisema. "Suruali zake nazikata mimi. Shuka, mume wangu. Tuko hapa chini."

Waya alishuka. Alisimama kando ya meza na kadi yake shingoni, akatazama chai mbili, akatazama kiti cha tatu, akakaa kwa kuwa hapakuwa na jinsi nyingine. Kobe alifungua daftari.

"Bomba limeonja," alisema.

"Sikuiba kitu."

"Sijasema umeiba. Nimetuma kifua kimoja kwa njia tatu. Cha kampuni nyingine hukukiona. Chenye kufuli kimepita puani pako, hukukiona. Umepiga simu kwa kile kilichopita kwenu kikiwa uchi, tena sikukituma kutoka dukani kwa mkeo. Nimekituma kutoka kwenye meza ya chai. Maana yake hamtazami duka moja. Mnatazama kila mtu."

Waya alimgeukia mkewe.

"Kila jioni unarudi unaniambia, leo nimepata mabega, mama yangu, koti limekaa kama limemwagwa. Jana mabega ya huyu. Juzi mgongo wa yule. Miaka yote hii, mabega yangu hujawahi kuyasema hata siku moja."

"Yako sina haja ya kuyapima," alisema Mama Pindo. "Nayakata kwa macho. Katika mji huu mzima ni wewe peke yako ninayemkata kwa macho."

Inawezekana huo ndio wakati ambao kesi nzima ingeweza kuishia pale mezani, watu wakashikana mikono na Kobe akalipa chai. Lakini Mama Pindo alikuwa mshonaji, na mshonaji akishaona uzi mmoja umelegea huuvuta aone unafika wapi.

"Na wanawake?" aliuliza. "Vipimo vya wateja wangu wa kike navyo umeviona?"

"Mimi sikuvitafuta."

"Sikukuuliza hivyo."

"Mtambo hauchagui. Kisicho na kufuli unakihifadhi. Majina, namba, kila kitu." Aliishika kadi yake. "Wanaokaa zamu wote wanaweza kufungua."

"Wenzako?"

"Kila mmoja ana wake anayemfuatilia. Yupo anayemtazama mchumba. Yupo anayemtazama mkwe wake. Wamenisaidia kuwekea alama ukurasa wako, likiingia jambo jipya mtambo unalia. Mimi nami nimewasaidia na ya kwao." Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alimtazama Kobe pia. "Afande, hili likiishia hapa, sitapiga simu tena. Naapa. Hakuna mhudumu wa hoteli atakayesumbuliwa. Mke wangu, fikiri. Ukiwaambia wateja kwamba vipimo vyao vimesomwa, hoteli imekwenda. Wanawake wote wamekwenda. Duka limekwenda. Ukinyamaza, hujapoteza kitu."

Alichosema kilikuwa kweli tupu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kobe alitazama daftari lake. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba kuna majibu ambayo polisi hawezi kumsaidia mlalamikaji kuyapata.

Mama Pindo alivuta utepe wake wa kupimia uliokuwa shingoni, akauzungusha kwenye vidole viwili, akauweka mezani.

"Mteja akiniambia kiuno chake," alisema, "kuna wengine hata mume hajui. Anavuta tumbo ndani kwa mume, kwangu analiachia."

Alichukua kompyuta ya Kobe bila kuomba. Alifungua ukurasa wake, ule usio na kufuli, kwa laini ileile ya mgahawa. Aliandika neno la siri akilitamka kwa sauti, kwa kuwa halikuwa siri tena. Kisha akaandika pole pole, kwa kidole kimoja, tangazo kwa wateja wote, wa kike na wa kiume, na kwa meneja wa hoteli kwa jina la cheo chake. Aliandika kwamba vipimo walivyompa vimesomwa kwenye kampuni ya mtandao, kwamba waliovisoma ni watu wa zamu, kwamba mmoja wao ni mume wake, na kwamba anayetaka kuondoka aondoke bila kinyongo. Anayetaka kubaki aje dukani apimwe kwa mkono.

"Usitume," alisema Waya. "Nakuomba. Wataona juu kule kabla hata ya wateja."

"Ndiyo," alisema Mama Pindo. "Afande anahitaji kuona kwamba wanaona."

Akabonyeza.

Mgahawani watu waliendelea na chai zao. Mhudumu alipita, akaondoa kikombe kitupu. Kobe alikuwa anafungua mdomo aulize kama tangazo limefika, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa amejibu, simu ilipoanza kulia mfukoni mwa Waya. Aliitoa. Kiooni palikuwa na jina la mwenzake wa zamu. Kabla hajaikata, ikaingia nyingine juu yake, ya mwenzake wa pili.

Waya aliishika kama mtu aliyepewa kaa la moto na hajui sahani iko wapi.

"Ipokee, shemeji," alisema Inspekta Kobe, akageuza ukurasa mpya wa daftari. "Na uongeze sauti."